Fremu ya chuma ya baiskeli ya mashindano, haina jina: naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina fremu iliyopakwa rangi upya, stika zote zimepotea. Nataka kujua mtengenezaji na mwaka kabla sijanunua vipuri.

Bomba la ekseli ya pedali lina upana wa milimita 70 na nyuzi za pande zote mbili hufunga kwa kulia, kwa hiyo naamini ni ya Italia (ya Kiingereza ina 68, na upande wa mnyororo hufunga kwa kushoto). Posti ya siti ni milimita 27.2. Nafasi ya kukaa haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ni milimita 126, yaani gia 6 au 7, ingawa fremu ya 120 huweza kupanuliwa ifike 126, hivyo siiamini sana namba hiyo. Nilipochomoa uma na kumulika tochi ndani ya shingo yake kwa chini, niliona mistari mitano iliyopinda kama skrubu. Hiyo ni alama ya Columbus, kampuni ya Italia ya mabomba ya fremu.

Kibadilisha gia cha nyuma ni cha Campagnolo (kampuni ya Italia ya vipuri vya baiskeli), kimegongwa "PATENT-78", yaani mwaka 1978. Lakini kipuri kama hicho huweza kutolewa kikawekwa kingine. Mwaka wake si mwaka wa fremu.

Waya wa breki unashikwa na klipu, hakuna vishikizo vilivyochomelewa. Chini ya bomba la pedali pamegongwa "57" tu.

Maswali mawili: hiyo 57 ni saizi au namba ya fremu? Kutoka katikati ya ekseli hadi juu ya bomba la siti napata sentimita 57 na nusu. Na je, dawa ya kutoa rangi itaharibu kromu iliyo chini ya rangi? Msasa sithubutu, utafuta michoro kwenye viungio.