Wageni wanataka kuvuna na kuonja chakula chetu: viungo vya Amani, mkonge, nazi za Pangani au mwani? Nisaidieni kulinganisha

Ngamiani_Kati

Salaam wadau wa Tanga na majirani zetu wote. Nina gesti ndogo hapa mjini, vyumba sita tu, na siku hizi wageni wamebadilika, zamani walikuwa wanauliza mapango ya Amboni na kisiwa cha Toten basi yameisha, sasa hivi karibu kila anayeingia anauliza kama anaweza kwenda shamba la mtu akavuna kitu kwa mikono yake na akala chakula cha nyumbani, siyo cha hotelini.

Nilijaribu mara moja mwaka jana na niseme ukweli iliniuma. Niliwapeleka wageni wanne kwenye shamba nililoelekezwa, tumefika saa sita jua kali, mwenye shamba akatuonyesha miti kutokea njiani, huu mdarasini ule mkarafuu, wakapiga picha, baada ya nusu saa tumemaliza. Chakula cha mchana wakapewa chipsi kuku mgahawani. Mmama mmoja mtu mzima akaniambia kwa upole kabisa, "nimeona, lakini sijagusa." Hiyo kauli imenikaa kichwani mpaka leo.

Sasa nataka kupanga safari ya siku moja, kwenda na kurudi, ambayo mgeni anafanya kazi kidogo na anakula alichokigusa. Mpaka sasa ninavyofikiria ni Muheza na Amani kwa viungo na machungwa, au mkonge njia ya Hale na Korogwe, au Pangani kwa nazi na samaki. Kuna mtu kanitajia pia mwani. Nyie mliowahi kwenda au mnaoishi huko mnasemaje, na malipo ya wenyeji mnapangaje?

Binti_Bondei

Kaka pole na hiyo safari, mimi ni wa Muheza na wazee wangu wana shamba huko juu kuelekea Amani kwa hiyo nisamehe nikiandika sana.

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Shamba la viungo ukifika saa sita umechelewa, watu wameshatoka. Muheza hapo ni kama kilomita 40 kutoka Tanga, lami tupu, ila kupanda mlima ndiyo kunakula muda maana barabara ina kona na sehemu kubwa ni udongo. Tokeni saa kumi na mbili alfajiri, saa tatu mpo shambani kuna ubaridi na umande bado.

Kosa la pili, kuonyesha bila kushirikisha. Viungo vyetu vina kazi nyingi ndogo ndogo ambazo mgeni anaziweza kabisa bila kumharibia mkulima. Iliki kwa mfano, wageni wote wanaitafuta juu kwenye majani kumbe inazaa chini kabisa pale shinani, inabidi ainame afunue majani aone vile vipunje vya kijani, hapo peke yake ameshafurahi. Pilipili manga inatambaa kwenye mti mwingine, anachuma vichala afu unampeleka kwenye mkeka anaona ileile ya kijani ikikaa juani inasinyaa inakuwa nyeusi. Wengi hawajui kama nyeusi na nyeupe ni mmea mmoja, nyeupe ni ile iliyoiva ikalowekwa ikavuliwa ganda. Mdarasini mpe kisu mwache abandue gamba mwenyewe anuse, kisha mchimbulie kimzizi anuse tena, harufu ni tofauti kabisa, ya mzizi inaelekea kafuri. Karafuu zikiwa msimu akae na akina mama kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, hapo ndipo maongezi yanapokuja yenyewe.

Mkishuka mpite Muheza mle machungwa. Waambie mapema kwamba chungwa letu linaiva likiwa la kijani, kwa sababu ya joto halibadiliki rangi kama la kwao, wasije wakadhani mnawapa mabichi.

Sasa la malipo, na hili naliongea kwa uchungu. Baba yangu amepokea wageni miaka na miaka, wanakuja na mtu kutoka mjini, wanachuma, wanaonja, wanaondoka, aliyewaleta anampa mzee elfu tano na soda. Mzee hasemi kwa sababu mgeni kwetu ni heshima. Lakini siku ile analaza palizi, na karafuu zilizovunjwa matawi na watoto wa wageni hazirudi. Kama huna nia ya kumlipa mwenye shamba kwa kila kichwa, na mkakubaliana kabla, naomba usije.

Singa_Nyeupe

Nimefanya kazi mashamba ya mkonge kwa muda mrefu tu, upande wa Korogwe. Ni historia yetu hii, hauwezi kuizungumzia Tanga ukaacha mkonge. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893, asili yake Mexico lakini miche ilipitia Florida, iliagizwa 1,000 ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe huko Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 tukaja kuwa wa kwanza duniani miaka ya sitini kabla nailoni haijatuangusha. Wageni ukiwasimulia hivyo wakiwa wamesimama katikati ya mistari ya mkonge isiyoisha, wanatulia.

Ila kwa ulichokiuliza kaka nakushauri usiufanye mkonge ndiyo safari yenyewe. Sababu ya kwanza hauliwi. Ya pili, jani lina mwiba mkali nchani na maji yake yanawasha ngozi, ukimpa mgeni panga akate jioni anajikuna. Ya tatu, korona ni mashine kubwa na hatari, inameza majani inatoa singa, yaani nyuzi za mkonge, huku na makapi kule, na huwezi kuingia tu, lazima uombe ruhusa ofisi ya shamba mapema. Singa yenyewe ni sehemu ndogo sana ya jani, kama asilimia 4, kilichobaki chote ni maji na makapi, hilo linawashangaza.

Kwa hiyo uweke kama kituo cha nusu saa. Waone singa zimeanikwa kwenye waya zinavyong'aa juani, washike, wajaribu kusokota kamba. Inatosha.

mtembezi_wa_pwani

Mbona hamjataja Lushoto? Hali ya hewa safi, mboga, pichi, plamu, Irente wana jibini na jamu na mkate wao. Wageni wangu waliipenda kuliko sehemu zote.

Ngamiani_Kati

Lushoto naipenda sana ndugu yangu ila kutoka Tanga mjini mpaka upite Segera, Korogwe, Mombo afu ndiyo uanze kupanda, kwa siku moja wageni watakaa garini kuliko shambani. Nikipata wa siku tatu nitawapeleka na kulala huko.

@Binti_Bondei dada nimekusoma na nimekuelewa. Hilo la soda limenigusa kwa sababu na mimi siku ile sikuuliza mwenye shamba amepata nini, nilimlipa aliyetupeleka nikajua yameisha.

mama_kinu

Wanangu hamjambo. Mimi napika, nimepika miaka mingi, na naona hapa mnaongelea shamba tu chakula mmekipa mstari mmoja.

Ngamiani_Kati mwanangu, hao wageni wa chipsi kuku waliumia hapo. Mgeni ameshika mdarasini asubuhi, mchana anataka kuukuta kwenye pilau. Kama anakwenda Pangani ameona mkwezi anapanda mnazi, basi nazi hiyohiyo aliyoangushiwa ndiyo aifue kwenye kifuo, kile kijiti chenye ncha cha kumenyea makumbi, aivunje, akae kwenye mbuzi akune, achuje kwenye kifumbu tui la kwanza na la pili, na machicha awapelekee kuku. Kufua nazi kwenye kifuo kunataka nguvu na ujanja, wanaume wakubwa wanashindwa halafu kasichana ka miaka kumi na nne kanafua tatu wao bado ya kwanza, na wanacheka wote. Wasipande mnazi lakini! Hata akisema kwao anapanda milima, asipande, ile kazi ina wenyewe.

Chakula chenyewe usitafute cha kifahari. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisamvu kilichotwangwa kinuni, embe mbichi na pilipili pembeni. Asubuhi vitumbua na mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Kisamvu akitwange mwenyewe ila upishi mwachieni mama, kinataka moto wa muda mrefu, kisamvu kisichoiva vizuri kinadhuru. Na uliza kabla kama kuna mtu karanga zinamdhuru maana wengine wanatia karanga.

Chumbageni_Boy

Mama shikamoo. Mimi nawatembeza wageni na nashauri bada, ule ugali wa muhogo, iachwe, wengi wanaionja kijiko kimoja wanaweka pembeni, inatia aibu.

mama_kinu

Marahaba mwanangu, lakini hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Bada ndiyo chakula cha watu wa hapa, Mbondei, Mdigo, Mzigua, wote wamekulia hapo. Wanaiweka pembeni kwa sababu mnawaletea sahanini kama ugali wa sembe na uma, hakuna aliyewaambia kitu. Mimi nawakalisha mkekani, nawanawisha mikono, namwonyesha muhogo mkavu, unga wake, nampa mwiko asonge aone unavyovutika. Halafu namwambia achukue tonge dogo achovye kwenye mchuzi wa samaki wa nazi na asilitafune sana. Wanakula! Sijasema wanamaliza sinia, lakini wanakula na wanauliza maswali. Usimwonee mgeni aibu kwa chakula cha mama yako.

Chumbageni_Boy

Nimekuelewa mama. Kweli huwa nawaletea na uma.

BagamoyoKwetu

Jamani natokea Bagamoyo, aliyetaja mwani nani? Nisaidie hapo maana kwetu Mlingotini akina mama wanalima miaka mingi na nimeshaona safari za mwani zinavyoharibika kwa sababu moja tu, aliyepanga hakuangalia maji.

Mwani unalimwa kwenye maji ya kina kifupi, vigingi viwili na kamba katikati, vipande vya mwani vimefungwa na vikamba vidogo mwanzo mpaka mwisho, baada ya wiki kama sita unavuna. Kazi inafanyika maji yakipwa sana, yaani bamvua, ambayo inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa kalenda ya Kiislamu ni zile siku za mwanzo wa mwezi na za kuanzia kumi na tano hivi. Siku hizo ukanda wetu huu maji yanakuwa chini kabisa saa nne saa tano asubuhi. Ukimleta mgeni siku za maji mafu, yasiyopwa sana, atasimama ufukweni aangalie bahari tu. Uliza wazee wa hapo wanajua kuliko simu.

Viatu vya maji lazima, kuna urchini za miiba na mawe. Kofia, maji ya kunywa. Na wajue kilimo hiki kina shida zake, aina ya cottonii iliyokuwa na bei nzuri inakufa maji yakipata joto, wengi wamebaki na spinosum ambayo bei iko chini. Akina mama wakiongea hayo wenyewe huku mgeni anafunga kamba pamoja nao, anaelewa kazi hiyo kuliko akisoma.

Kwa kulinganisha na kwetu: kama mgeni yuko Dar na ana siku moja, aje Bagamoyo, mwani asubuhi kama ni bamvua, na kama siyo bamvua aende Kiwangwa kwenye mananasi. Nanasi linachukua kama mwaka na nusu mpaka kuvunwa, mpe mgeni apande chipukizi kabla hujamkatia tunda. Kama ameshafika Tanga basi asirudi huku, viungo kama vya Amani sisi hatuna.

Ngamiani_Kati

Nimekaa nimesoma yote mara mbili, asanteni sana, hasa mama_kinu na Binti_Bondei.

Nilivyoamua ni hivi. Nitakuwa na safari mbili na sitazichanganya. Ya Amani kwa wageni wanaoweza kuamka alfajiri na kutembea, viungo asubuhi, pilau kwa mwenye shamba mchana na machungwa wakati wa kushuka, nikiacha kabisa wakati wa masika maana ile barabara ya udongo ikinyesha sitaki kuhatarisha watu. Kama wanaingia msitu wa hifadhi nitawaambia kiingilio ni cha peke yake, wasije wakadhani mkulima ndiye kachukua. Ya Pangani, kama kilomita 50, kwa familia zenye watoto na watu wazima, nazi kuanzia mtini mpaka tui, kisha kula mkekani na bada ikiwemo. Mkonge nitausimamia njiani kwa wale wanaoendelea Korogwe. Mwani ntauanza nikishapata kikundi cha akina mama wa upande wetu wanaotaka wenyewe, na nitaanza na kalenda ya mwezi kabla ya kuweka tarehe.

Malipo, mwenye shamba 15,000 kwa kila mgeni mzima na mpishi vilevile, mkononi siku ileile, na mgeni ataambiwa bei hiyo waziwazi. Wasizidi sita. Kinachochumwa kikapimwa kinalipwa kando.

@Binti_Bondei dada, mzee wako atakubali nije kwanza peke yangu nimsalimie, kabla ya kuleta mtu yeyote?

Binti_Bondei

Nimempigia saa hizi. Amesema uje Jumamosi asubuhi, na uje na viatu vya shamba maana ana palizi ya iliki na atakupa jembe kabla ya kuongea chochote. Mama anauliza unakula bada.

Ngamiani_Kati

Mwambie nakula, na nakuja na samaki.