Tupeane uzoefu: miezi ya mwanzo ya kujifunza cherehani, huku kwetu Mtwara na Lindi

Mwanakusini
Wadau, kila usajili ukifunguliwa maswali ni yaleyale: niende VETA (chuo cha ufundi stadi), niende chuo cha wananchi, au nikae kwa fundi mtaani? Leo tuliache hilo, ingawa najua hamtaliacha. Mliopita kwenye kiti cha cherehani semeni ni kitu gani hasa kinamkwamisha mwanafunzi miezi ya mwanzo, kinatokana na nini, na dawa yake ni ipi. Hadithi za "nilianza na sindano moja sasa nina duka Shangani" zipelekeni uzi mwingine. Hapa tunataka vipimo, sindano na kitambaa.

Fundi wa Chikongola
Wengi huangushwa na miguu kabla ya mikono. Cherehani ya kukanyaga ukiianza vibaya inarudi nyuma, uzi unajisokota na kukatika, halafu mtu anasema mashine mbovu. Gurudumu la mkono lazima lizunguke kukujia wewe. Lisukume kwanza kwa mkono wa kulia, ndipo miguu ifuate: mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo, kisigino na vidole vikipokezana.

Wiki ya kwanza usitie uzi kabisa. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, pita juu ya mistari hadi matundu yanyooke. Kisha chora mraba. Ukifika kona acha sindano imezama, inua mguu wa kubana kitambaa (ule wa mashine), geuza karatasi, shusha, endelea. Baada ya mraba chora konokono. Anayeweza kufuata konokono bila kusimama hatasumbuka na shingo ya gauni. Ila sindano iliyotoboa karatasi ni butu, usiihamishie kwenye nguo ya mtu.

Kijora Og
Konokono! Umenikumbusha mbali sana mkuu. Hapo ndipo wengi wanapoaga.

Mama Sare
Mimi naongezea uzi kujikusanya chini ya kitambaa. Mwanafunzi akiona fungu la nyuzi chini, anakimbilia bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), anafungua skrubu ya kasha lake, anaharibu zaidi. Mara nyingi kosa liko juu: uzi haukuingia kwenye visahani vya kukazia kwa sababu aliutunga huku mguu wa kubana umeshushwa. Mguu ukiwa chini visahani vimebana, uzi unapita juujuu. Inua mguu, tunga upya, jaribu.

Hapo ikigoma ndipo uje chini. Toa kasha la bobini, lining'inize kwa uzi wake. Likianguka moja kwa moja limelegea. Lisiposogea hata ukilitikisa limekaza. Linatakiwa lishuke kidogo kila ukitikisa, lisimame. Skrubu ile ni robo mzunguko kwa wakati mmoja, tena fanyia juu ya kitambaa cheupe, maana ikidondoka kwenye sakafu ya mchanga hamtaiona tena.

Kupima: uzi mwekundu juu, mweupe chini. Vidoti vyeupe vikitokeza juu, uzi wa juu umekaza mno. Vyekundu vikitokeza chini, umelegea.

Binti Nachingwea
Na sindano je? Watu wanashonea sindano moja toka kitenge hadi jinzi.

Mama Sare
Kitenge na khanga namba 14. Jinzi na turubai 16 au 18. Satini, shifoni na vitu vyote vinavyoteleza 11. Upande bapa wa shina uelekee kwenye bobini, ule mfereji mrefu ukae upande uzi unakoingilia. Ukigeuza hapo mshono utaruka hata mashine iwe imetoka dukani leo.

Mzee wa Mkasi
Hayo yote madogo. Pigo lenyewe ni siku mwanafunzi anapopewa kitenge cha mteja akate mwenyewe kwa mara ya kwanza. Naeleza kwa urefu kwa sababu hili ndilo linalorudisha watu nyumbani.

Mteja ana kifua 36, anataka blauzi ya mikono. Kijana anapima vizuri, anaongeza inchi 4 za kupumulia, inakuwa 40, anagawa kwa nne, anapata 10. Sawa kabisa. Anaweka nusu inchi ya mshono shingoni na mabegani, inchi 1 ubavuni ili mteja akinenepa ifunguliwe. Sawa pia. Mbele na nyuma vimetoka safi, moyo umetulia. Sasa mikono.

Kitambaa kimebaki vipande viwili, havikunjiki pamoja. Anaweka patani (karatasi ya mfano wa kukatia) juu ya kipande cha kwanza, anakata. Anaichukua patani vilevile ilivyo, anaiweka kwenye kipande cha pili, anakata. Hapo maafa yameshatokea na hajui. Kichwa cha mkono, yaani sehemu ya juu inayoungwa begani, hakiko sawa pande zote: upande wa mbele umechimbwa zaidi, wa nyuma una kitumbo. Patani isipogeuzwa, unapata mikono miwili ya kulia. Anashona wa kwanza, unakaa. Anashona wa pili, unasokota, kwapa linavuta, mteja akiinua mkono blauzi nzima inapanda. Anafumua. Anashona tena. Anafumua. Kitambaa kimeanza kutoa nyuzi na mteja yuko njiani.

Dawa: kata mikono kitambaa kikiwa kimekunjwa, uso kwa uso. Kama haiwezekani, andika "uso" kwa chaki kwenye patani upande mmoja, na mkono wa pili ulaze patani kifudifudi. Weka mkato mmoja mdogo mbele na miwili nyuma, kwenye mkono na kwenye tundu la blauzi unakoingia mkono pia, vikutane. Kichwa cha mkono kizidi tundu kwa kama inchi 1 kwa kitenge. Kikizidi inchi 1 na nusu kitafanya mikunjo usiyoitaka. Ile ziada inamezwa kwa mistari miwili ya mshono mrefu unaovutwa taratibu, kamwe isilazimishwe kwa kidole.

Na kama umeshakata vibaya? Geuza kitambaa. Kitenge cha wakisi chenye rangi pande zote mbili, mkono wa kulia ukiugeuza ndani nje unakuwa wa kushoto na hakuna atakayejua. Kile cha bei nafuu chenye mgongo uliopauka, hapo huna ujanja, nenda dukani.

Kijora Og
Kugeuza ndani nje 😂😂 mafundi nyie mtatumaliza.

Mmwera Halisi
Ndiyo maana nasema nendeni VETA. Mtaani hufundishwi mkato wa mbele na nyuma, unafundishwa kuchota maji na kupiga pasi.

Fundi wa Chikongola
Nilijua tu. Mkuu, VETA Mtwara na VETA Lindi zote nzuri, hakuna anayepinga. Ngazi ya kwanza hadi ya tatu, kuchora patani, nadharia, cheti. Lakini darasani cherehani moja mnagawana. Kwa fundi, msimu wa sare za shule unapiga sketi hadi mguu unaota.

Mmwera Halisi
Unapiga sketi ileile! Uliza huyo wa mtaani achore patani ya kola bila kuigilizia nguo ya zamani.

Fundi wa Chikongola
Uliza huyo wa cheti akate gauni mteja akiwa amesimama mlangoni.

Mwanga wa Masasi
Mnagombana bure. Fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kwenda VETA akapimwa kwa ujuzi alionao na kupewa cheti, utaratibu wa urasimishaji ujuzi upo. Na mmesahau vyuo vya maendeleo ya wananchi, hapa Masasi kipo. Haya rudini kwenye kitambaa.

Mama Sare
Asante. Sare sasa. Sketi ya marinda inakula upana mara tatu ya kiuno. Kiuno 24: rinda la inchi 2 linaloonekana linameza inchi 6, marinda 12, jumla inchi 72 kabla ya mshono. Ukikosea kila rinda nukta moja tu ya tepu, yaani moja ya nane ya inchi, marinda 12 yanakupa kosa la inchi 1 na nusu. Ndipo unaona sketi ya darasa la tatu inamtosha mwalimu. Chora mistari yote kwa chaki kwanza, kunja, bana kwa pini, pima kiuno chote, ndipo ushone.

Tandahimba Boy
Ngojeni niwape ya msimu wa korosho. Karakana moja, siitaji. Minada imeanza, hela ipo, harusi kila Jumamosi. Wapambe sita, magauni ya satini ya kubana, harusi kesho. Fundi mkuu kaenda kununua zipu. Mwanafunzi kaachiwa akate. Kwa kuokoa muda akapanga satini zote sita zimekunjwa, moja juu ya nyingine. Tabaka 12. Akapitisha mkasi mara moja.

Binti Nachingwea
Mungu wangu.

Kijora Og
Weeee! Ikawaje?

Tandahimba Boy
Mkasi wa mkono unanyanyua kitambaa kutoka chini. Satini inateleza. Za juu zimetoka sawa, za chini kila ukingo umeliwa nusu inchi. Kingo za ubavu ziko nne kwenye gauni, mbili mbele mbili nyuma, kwa hiyo mwili mzima umepungua inchi 2. Gauni la kubana lina inchi 1 tu ya kupumulia. Magauni matatu hayafungi.

Mmwera Halisi
Bibi harusi alisemaje?

Kijora Og
Walivaa nini??

Binti Nachingwea
Nani alilipa kitambaa? Maana kwa kawaida mwanafunzi anakatwa.

Mzee wa Mkasi
Hakatwi mwanafunzi. Aliyemwachia satini mtu wa miezi miwili ndiye alipe.

Fundi wa Chikongola
Inategemea mlikubaliana nini mwanzoni. Mzazi anapompeleka kijana kwa fundi waandikishane: muda, ada, nani anabeba hasara.

Tandahimba Boy
Mambo ya bibi harusi sina. Nina jinsi yalivyookolewa. Zipu za mgongoni ziliachwa, mgongo ukafanywa wa kufunga kwa kamba kwa magauni yote sita ili yafanane. Unakata vitepe vya satini vya mshazari upana inchi 1, unashona kama mrija, unageuza, unakata vitanzi. Uwazi wa inchi 12, kitanzi kila robo tatu ya inchi, ni 16 upande mmoja, 32 kwa gauni, 192 kwa yote. Nyuma yake kipande cha satini cha kuficha mgongo. Wale waliopungukiwa inchi 2, mgongo unaachia inchi 2 na kamba inaziba. Watu wakadhani ndiyo fasheni.

Kijora Og
Vitanzi 192 usiku mmoja. Na umeme wetu huu.

Tandahimba Boy
Cherehani ya mguu haijui umeme. Pasi ya mkaa.

Mwanga wa Masasi
Pasi ya mkaa kwenye satini? Cheche moja tu imekwisha.

Tandahimba Boy
Weka khanga kuukuu juu, na usipulizie mkaa karibu na nguo.

Binti Nachingwea
Tuendelee na uzi jamani. Sketi ya duara, naona wengi kiuno kinawatoka kikubwa.

Mzee wa Mkasi
Gawa kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo cha duara la kiuno. Kiuno 28 unapata karibu 4 na nusu. Toa nusu inchi ya mshono, chora kwa 4. Wanaosahau kutoa, kiuno kinawapanuka, na sehemu za mshazari zinavutika zaidi ukishika ovyo. Piga mshono wa kuzuia pembezoni mara tu ukimaliza kukata. Urefu 25 na pindo inchi 1, kila nusu duara inakula kama inchi 61 za urefu wa kitenge. Nusu mbili ni 122, sema yadi 3 na nusu pamoja na mishono. Pande la yadi 6 linabakiza blauzi na kilemba. Ining'inize usiku kucha kabla ya kupinda, maana mshazari unashuka.

Mama Sare
Na kitenge kiloweke kwanza, maji baridi, peke yake. Kinarudi, yaani kinapungua kikilowa.

Fundi wa Chikongola
Mteja hataki kitambaa kilichoharibika ung'aavu wa dukani. Usiloweke, ongeza pindo la inchi 2 tu.

Mama Sare
Pindo halisaidii kifua, fundi.

Mwanakusini
Wanaotaka kununua ya kwanza, wachukue ipi?

Fundi wa Chikongola
Cherehani ya mguu aina ya Butterfly, hata iliyotumika. Izungushe kwa mkono bila uzi, isikilize. Kisha shona kitambaa tabaka mbili na nne, uone kama mshono unaruka.

Mmwera Halisi
Ya umeme yenye zigizaga. Mguu umepitwa na wakati.

Mwanga wa Masasi
Yoyote, lakini kama unakaa Mikindani, Kilwa au Lindi mjini, chumvi ya bahari itaila. Kila jioni futa vumbi la pamba chini ya meno yanayosukuma kitambaa, tone moja la mafuta ya cherehani kila tundu, funika kwa kitambaa badala ya nailoni, maana nailoni inatunza unyevu. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda mashine inakuwa nzito. Asubuhi shonea kitambaa chakavu kwanza kinyonye mafuta, usije ukamchafulia mtu gauni.

Kijora Og
Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisitoe nyuzi, ninunue lini?

Mama Sare
Ukishapata wateja. Mwanzoni peleka kwa jirani mwenye nayo. Au ungeni kikundi mkaombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu.

Binti Nachingwea
Tandahimba Boy, swali la mwisho. Satini ikatwe vipi sasa?

Tandahimba Boy
Gauni moja moja. Tandika gazeti mezani, satini juu, bana kwa pini ndani ya akiba ya mshono ili matundu yasionekane, kata gazeti na kitambaa pamoja. Mkasi usiinuliwe kutoka mezani.

Kijora Og
Sawa, lakini walivaa? Harusi ilifanyika?