"Usekula bandia" wa India: ukurasa wake wenyewe, au aya ndani ya makala nyingine?

Mtanga_wa_Pune:

Habari za jioni wanajukwaa. Nahariri Wikipedia ya Kiswahili kwa kujitolea, zaidi makala za Asia Kusini, maana nilisoma Pune na magazeti ya kule hayajanitoka mpaka leo. Wiki hii nimeanzisha makala ya "usekula bandia". Ni ile shutuma ambayo BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, wamekuwa wakiwatupia Congress, chama kikongwe cha India, kwa miaka: mnajinadi kwamba serikali haina dini, kumbe mnabembeleza kura za Waislamu. Makala hata kulala haijalala, mhariri mwenzangu kaibandika kigezo cha kufutwa.

Hoja zake ni tatu. Kwanza, hili ni tusi, si dhana. Pili, hakuna mtu wala chama kinachojiita hivyo. Tatu, kulipa ukurasa wake ni kuwapigia debe waliolieneza. Hizo mbili za mwanzo hazinisumbui, kwa sababu kamusi elezo imejaa majina ambayo watu walibandikwa na wapinzani wao. Hiyo ya tatu ndiyo imenikalisha.

Ila jamani, siasa za India za miaka arobaini hii utazielezaje bila neno hili? Baba mwenye nyumba wangu kule, mstaafu wa reli, alikuwa hamalizi chai ya asubuhi bila kulitamka, mara nyingi akiiambia televisheni. Mwanawe, mwalimu wa chuo, alikuwa akisikia tu anatoka nje kuvuta sigara. Neno linalowagawa watu meza moja namna ile nataka msomaji wa Kiswahili ajue limetoka wapi. Niache ukurasa, au nilihamishie ndani ya makala ya usekula nchini India, niache elekezo tu, yaani kiungo cha kumpeleka msomaji huko?

Mzee_wa_Kumbukumbu:

Futa. Kamusi elezo si daftari la masimango. Leo "usekula bandia", kesho utatuletea "sickular" (mzaha wa kuunganisha "sick", mgonjwa, na "secular") ya kule Twitter, na keshokutwa kila kijembe cha kampeni kitadai ukurasa. Halafu tazama kichwa chenyewe: ukishaandika "bandia" umekwisha hukumu kwamba upo wa kweli na wapo wanaoughushi. Msomaji mwingi hafiki aya ya pili. Aya moja katika makala ya BJP yatosha.

Wakili_wa_Kisiwani:

Shikamoo mzee. Kuhusu kichwa nakubaliana nawe, kuhusu kufuta hapana.

Mimi kazi yangu ni mashauri ya ndoa na mirathi, na huku Mombasa tuna makadhi, kwa hiyo kesi ya Shah Bano nimeijua kabla sijajua BJP ni nini. Ndugu Mtanga, nimesoma rasimu yako. Kesi hiyo umeipa mstari mmoja, na humo ndimo shutuma yote ilimopata nguvu.

Shah Bano alikuwa mama wa Indore, na mumewe alikuwa wakili (ndiyo, wa fani yangu, astaghfirullah). Mwaka 1978, mama akiwa na miaka zaidi ya 60, alidai matunzo kwa kifungu cha 125 cha sheria ya mwenendo wa jinai, ambacho hakiulizi mtu ni wa dini gani. Shauri likiendelea, mume akampa talaka. Mahakama Kuu ya jimbo ikampa rupia 179 na senti zake kwa mwezi. Mume akakata rufaa, akidai kwamba wajibu wake umeishia kwenye eda na mahari. Mwezi Aprili 1985 Mahakama ya Juu ikamwangusha, na majaji wakaongeza maneno ya kuitaka serikali iwe na sheria moja ya ndoa na mirathi kwa raia wote. Maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto. Masheikh wakaandamana.

Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa Congress, alikuwa na wabunge zaidi ya 400, hakuna aliyeweza kumtisha bungeni. Hata hivyo mwaka 1986 akapitisha sheria iliyoonekana wazi kuipindua hukumu. Waziri wake mwenyewe, Arif Mohammad Khan, aliyekuwa ameitetea hukumu mbele ya Bunge, akajiuzulu. Basi BJP hawakuhitaji ushahidi mwingine: serikali isiyo na dini imewapigia magoti masheikh.

Lakini tarehe 1 Februari mwaka huohuo, mahakama ya wilaya iliamuru kufuli za Msikiti wa Babri wa Ayodhya, mahali ambapo Wahindu wengi wanaamini Rama alizaliwa, zifunguliwe ili Wahindu waabudu ndani, na utawala haukuchelewa hata siku moja kutekeleza. Wengi waliona serikali inatoa kwa mkono huu na kutuliza kwa mkono ule. Jiulize sasa kwa nini shutuma ya "bandia" ilishika upande mmoja tu wa mizani hiyo. Makala isiyosema hili ndiyo itakayokuwa ya kupiga debe.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hawalitaji, labda kwa sababu halimfai yeyote. Mwaka 2001, katika kesi ya Danial Latifi, Mahakama ya Juu ilikataa kuifuta sheria ile ya 1986, ila iliisoma kwa namna yake: mume lazima ndani ya eda atoe fungu la haki litakalomtunza mwanamke hata baada ya eda. Sheria iliyotungwa kumpunguzia mume mzigo ikamrudia. Mimi hapo nilicheka peke yangu ofisini.

Twende kwenye kipimo cha umashuhuri, yaani kama jambo linastahili ukurasa wake. Usihesabu mara ngapi L. K. Advani, kiongozi wa BJP, alilitamka neno. Alilizungusha nchi nzima, hilo halina ubishi. Septemba 1990 alianza safari Somnath akielekea Ayodhya kudai hekalu la Rama mahali pa msikiti huo, juu ya gari la Toyota lililopambwa likawa mfano wa gari la vita la kale, na tarehe 23 Oktoba akakamatwa Samastipur, Bihar, kwa amri ya serikali ya Lalu Prasad Yadav. Miaka miwili baadaye msikiti ukabomolewa. Kipimo changu ni kingine: je, wasiolitumia wamejishughulisha nalo? Wamejishughulisha. Amartya Sen, mwanauchumi na mwanafalsafa ambaye si rafiki wa BJP, alilichambua kwa utulivu dai kwamba usekula wa India unawapendelea Waislamu, kesi ya Shah Bano ikiwemo. Kijembe cha kawaida cha kampeni hakipati heshima hiyo. Hapo ndipo "sickular" inapobaki nje, mzee wangu.

Upanga_Kwetu:

Mimi ni Mgujarati wa hapahapa Dar, familia ya Kihindu, nyumba ya tatu kutoka hekaluni. Kundi letu la WhatsApp la ukoo linalo neno hili kila uchaguzi wa India unapokaribia, na nusu ya wanaolituma hawajawahi kukanyaga huko.

Mfano wanaoupenda ni ruzuku ya Hija. Serikali ilikuwa ikichangia nauli za mahujaji. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliagiza ipunguzwe mpaka iishe ndani ya miaka kumi, na mwaka 2018 serikali ikaifuta kabisa. Nikiwauliza fedha za umma zinazoandaa Kumbh Mela, ule mkusanyiko mkubwa wa Wahindu wa kuoga mitoni, ni za dini gani, naambiwa hilo ni jambo la utamaduni. Uwekeni mfano huu na jibu lake pamoja. Na kwenye kichwa ongezeni "(India)", maana Wafaransa nao wana ugomvi wao wa usekula, tena wa sura nyingine kabisa.

Mzee_wa_Kumbukumbu:

Marahaba Wakili. Sijabadili kura, ila kama itabaki, sentensi ya kwanza isianze na "Usekula bandia ni hali ya..." Ianze na "ni shutuma". Na muwataje kwa majina waliotoa na waliotupiwa, kabla ya nukta ya kwanza.

Tena msiache kuandika kwamba Katiba ya 1950 haikuwa na neno "sekula" katika dibaji. Liliingizwa 1976, wakati wa hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, na wabishi wanaishikilia tarehe hiyo sana. Wakumbusheni pia hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Bommai ya 1994, kwamba usekula ni sehemu ya msingi wa Katiba hiyo, na kwamba Novemba 2024 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali maombi ya kulifuta neno hilo.

Mtanga_wa_Pune:

Nashukuru wote. Nimebadilisha sasa hivi, kichwa ni "Usekula bandia (India)", na sentensi ya kwanza inasomeka: "ni shutuma iliyoenezwa na L. K. Advani na viongozi wenzake wa BJP dhidi ya Congress na vyama vingine, hasa baada ya kesi ya Shah Bano ya 1985." Kufuli za Babri nimezipa aya yake, mara tu baada ya sheria ya 1986, zisomwe pamoja. Hija na Kumbh ziko kifungu kimoja. Kigezo cha kufutwa nimekiacha palepale, mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, ndiye atakayeamua.

Dada Wakili, hukumu ya Danial Latifi naomba uiandike wewe. Mimi mambo ya eda nitayavuruga.