Naomba ushauri: jalada la jarida la singeli

Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu hapa Manzese, Dar es Salaam, tunaandaa jarida la singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, kurasa 16 za A5, la kubana pini katikati. Walengwa ni vijana wa miaka 15 hadi 22, wale wanaosoma wamesimama kituoni.

Jalada linaninyima usingizi. Mwenzangu anataka picha sita na maandishi kila kona, kwa kuwa singeli yenyewe ni mbio. Mimi nataka sura moja kubwa inayomtazama msomaji machoni, jina la jarida kwa njano juu ya nyeusi, lionekane hata likining'inia kwa muuza magazeti ng'ambo ya barabara. Fujo ianzie ndani.

Mliowahi kusanifu majarida, mnaonaje? Na herufi za pointi 8 zitasomeka vizuri kwenye karatasi ya gazeti?