Tunaoishi jirani na wanyamapori: umemzuiaje mnyama bila kumuua? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Semina za uhifadhi tumehudhuria, na posho tumesaini. Hapa namtaka aliyejaribu kwa mikono yake, hata kama lilimshinda.

Naanza mimi. Tembo walikuwa wakinilia shamba kila msimu. Nikasikia wanaogopa nyuki, maana huwauma kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Nikazungushia shamba mizinga, mmoja kila mita kumi hivi, yote imeungwa kwa waya: tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Msimu wa kwanza hawakugusa kitu. Wa pili, kiangazi kikakaza, maua hakuna, maji hakuna, nyuki wakahama. Tembo wakapita katikati ya mizinga mitupu kama wamefunguliwa geti. Kumbe nilifuga uzio nikasahau kufuga nyuki! Siku hizi nawawekea maji kwenye madumu niliyoyapasua, na vijiti juu wasizame, na vile vichaka vya pembeni nilivyozoea kufyeka nimeviacha vichanue.

Zizini: Kwangu mimi shida ni simba. Huko Botswana walichora macho kwenye makalio ya ng'ombe 683. Kwa miaka minne hakuuawa hata mmoja, ilhali kati ya 835 wasiochorwa waliuawa 15. Simba ni mviziaji, akidhani ameonwa hukata tamaa. Nilicheka sana, kisha nikachora. Mpaka leo sijapoteza ng'ombe machungani, ila rangi inafutika upesi na kurudia ni kazi. Usiku hayo macho si kitu, zizi liwe imara.

Binti Mfugaji: Kwetu ilikuwa sumu. Marehemu baba alimtegea fisi kwenye mzoga wa ndama. Asubuhi tukakuta tumbusi wametapakaa, na mbwa wetu wawili. Fisi mwenyewe hatukumwona. Baada ya hapo mzoga ukawa unaoza siku nyingi, hakuna ndege wa kuja kuusafisha. Baba hakuigusa tena sumu, wala hakupenda kuulizwa.

Zizini: Mkuu wa mizinga, hao nyuki hawashambulii mbuzi?

Wanashambulia. Mbuzi wangu mmoja alikufa, na mmoja wa jirani, huyo ikabidi nimlipe. Njia ya mifugo nimeihamishia upande usio na mizinga.