Mrejesho: chembe ndani ya transista zilizozibwa

Wakuu, ni yule aliyeuliza namna ya kugundua chembe zinazocheza ndani ya transista (vijenzi vidogo vya kielektroniki) za kopo la chuma bila kulifungua. Asanteni sana! Nimepaka jeli nyembamba kati ya kopo na kihisi sauti, nikazipiga mshtuko wa mara 1,000 ya mvutano wa dunia, ndipo nikazitikisa kwa nguvu ya mara 20 ya mvutano huo. Huo mshtuko ndio uliosaidia, unabandua chembe zilizonasa. Kwenye skrini zilichomoza alama fupi za mlio, na tulipokata transista moja tukakuta kitone cha risasi ya kulehemu. Nyingine ililia mara ya kwanza, mara ya pili kimya, nimeikataa hivyohivyo, maana huenda chembe imenasa tena. Nyuzi laini zikiwa ndani bado hazisikiki kabisa.