Mrejesho: Yule samaki mweusi wa madoa matatu

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu samaki wangu aina ya domino, yule mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji na jingine kila ubavu. Tangi langu la maji chumvi ni lita 200, na alikuwa anawafukuza wale wawili wa rangi ya chungwa mpaka mmoja akaacha kula, mkia umechanikachanika.

Nilimtenga kama mlivyosema: siku saba ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, humo humo tangini. Kumnasa tu kulinichukua saa nzima! Nikapangua mawe yote, maana alikuwa analinda pango la kona ya kushoto.

Alipotoka alizunguka akilitafuta, hakuliona. Siku nne shwari, nikafurahi kweli. Ya tano akajitwalia pango jingine, vita vikaanza upya. Hawa hufika hata sentimita 14, na ukali huzidi wakikua. Kumwachia baharini sikutaka kabisa, samaki wa tangini anaweza kupeleka maradhi. Jumamosi nikampeleka kwa jamaa mwenye tangi kubwa la samaki wakali wenzake.

Jana usiku yule wa chungwa aliyeacha kula amekula vipande vya kamba vidoleni mwangu. Asanteni sana, ndugu zangu.